Mlango Hauna Goti

Baba yangu anatengeneza milango. Si vitanda, si makabati, si meza. Milango tu, mwaka wa thelathini na sita sasa. Ukimpelekea kazi ya stuli atakutazama kama umemwomba akufulie nguo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bawaba, na mimi tangu darasa la kwanza ni Binti Bawaba, hata siku mwalimu alipoita jina langu halisi niligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Kuna jambo moja lazima ulijue mapema, maana bila hilo hutaelewa zogo lililotokea kwetu. Baba hapimi kwa futi ya chuma kama mafundi wenzake. Anapima kwa kamba. Anakuja kwako, anatoa kamba mfukoni, anaipitisha kwenye uwazi wa mlango, anafunga fundo la urefu, anafunga fundo la upana, kwaheri. Haandiki kitu. Karakana yake ina ukuta mmoja wa misumari, na kila msumari una kamba ya mtu: kamba ya kinyozi, kamba ya mwenye duka la dawa, kamba ya mjane wa ghorofani. Mlango ukishafungwa kwa mwenyewe, kamba inashushwa, mafundo yanafunguliwa, inasubiri mteja mwingine. Nilimnunulia futi ya kisasa, ile inayojikunja yenyewe. Alinishukuru sana, akaibana dirishani ili lisipigwe na upepo.

Mama ndiye aliyekuwa mdomo wa kazi hiyo, na macho yake pia. Baba mikono anayo, lakini maneno yanamtoka kama jino, na kwa upande wa njia ndiyo usiseme. Mtu huyu anaweza kupotea akitoka chumbani kwenda sebuleni. Kwa hiyo siku za kupeleka milango Mama alikaa mbele, pembeni yake. "Kata kulia. Kulia nimesema, hiyo ni kulia ya nani?" Gari likirudi nyuma, yeye ndiye aliyetoa kichwa dirishani: "Njoo, njoo, njoo, simama! Simama, unataka kuingia jikoni kwa watu?" Walitoka asubuhi wakibishana, walirudi jioni wamenuniana, na kesho yake alfajiri Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye gari. Ndoa yao ilikuwa hiyo, na waliipenda.

Mwaka juzi Mama aliteleza kwenye ngazi za karakana. Goti likafungwa, likafunguliwa, likagoma kukunjika. Mguu wa kulia ukabaki umenyooka moja kwa moja. "Nimeolewa na fundi wa bawaba," akasema, "na bawaba yangu mwenyewe imeshika kutu." Tukacheka sote.

Kicheko kiliisha siku alipotaka kupanda gari. Pikapu yetu ya zamani ilikuwa ya milango miwili, kiti chake kimeegemea ukuta wa nyuma, hakisogei mbele wala nyuma. Mama akaingia, mguu ukabaki nje. Tukamgeuza, tukamwingiza makalio kwanza, tukamsukuma, mguu ukabaki nje. Baba akafunga mlango kwa kamba ukiwa nusu wazi, wakaondoka hivyo hivyo, kisigino kinachungulia barabara. Hawakufika mbali. Kwenye kona, kiatu cha Mama kiliangusha ubao wa kinyozi wa bei za kunyoa, na chenyewe kikabaki pale pale juu ya ubao. Watu walivunjika mbavu. Mama naye alicheka, mkono mdomoni. Aliporudi nyumbani alivua kile kiatu kilichobaki, akakiweka chini ya kitanda, akasema, "Mimi na gari basi."

Akala yamini, na Mama akila yamini ameila. Mwaka na nusu mwisho wake ukawa zahanati iliyo nyuma ya nyumba, na jirani wa pili. Asubuhi alikaa dirishani na fimbo yake. Baba alipowasha gari na kuanza kurudi nyuma kutoka uani, nilikuwa namsikia Mama anasema kwa sauti ndogo, "Njoo, njoo, simama." Baba huko nje hasikii. Anagonga geti. Geti letu lilipinda mpaka paka akawa anapita bila kuinama.

Na kazi nayo ikaingia mkosi. Mlango wa choo wa kinyozi ulipelekwa kwa mwenye duka la dawa. Haukuenea, bila shaka, lakini Baba akauranda na kuuranda mpaka ukaenea, akaufunga mbele ya duka, akaondoka zake. Mwenye duka alikuja kesho yake kuuliza, kwa heshima zote, kwa nini mlango wake una kikomeo cha kujifungia mtu ndani.

Halafu pikapu ikafa. Haikuugua, ilikata roho tu sokoni na milango miwili mgongoni. Tukajua sasa tutanunua nyingine, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Dalali wa magari tunamwita Ukweli Mtupu, kwa sababu hasemi sentensi bila kuanza na maneno hayo, na ukishayasikia shika mfuko wako. Yeye alikuwa na pikapu mbili, bei zake hazipishani sana. Ya kwanza ilikuwa ya milango miwili na bodi ndefu. Bodi ni ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, na hiyo ilikuwa na futi nane. Ya pili ilikuwa ya milango minne, yenye viti vya nyuma, na bodi fupi, futi tano tu. Nikamuuliza kama hakuna yenye vyote viwili. "Ukweli mtupu, dada, ipo," akasema, "ila kwenye kona ya kinyozi itabidi muiache nusu upande huu, nusu upande ule."

Tukakaa sebuleni kushauriana. Kushauriana kwetu ni Mama kusema na wengine kusikiliza.

"Mlango wa kawaida una futi saba," Mama akaanza, fimbo ikigonga sakafu. "Kwenye bodi ndefu mlango unalala, unajinyoosha, na nafasi ya kupiga miayo inabaki. Kwenye hiyo fupi, futi mbili utaziweka wapi, mapajani? Mlango hauna goti, baba watoto. Haukunjiki." Akaligonga goti lake kwa fimbo. "Kama mimi."

Baba akalitazama lile goti.

"Usinitazame hivyo. Mimi sipandi gari. Nunua gari la milango, usinunue gari la mke. Sitaki kuwa mzigo wa mtu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Baba akasema.

"Ala! Leo nimekuwa nundu?"

Baba akachukua kofia yake akaenda karakana. Mimi nilicheka mpaka machozi. Nikamuunga mkono Mama, tena kwa kalamu na karatasi: saba toa tano ni mbili, futi mbili hewani, kuna la kujadili tena? Mimi nina duka la kutoa fotokopi, naamini karatasi. Bodi ndefu ilishinda, kura mbili kwa kofia.

Lakini Baba hakununua. Siku zikapita, wiki ikapita. Kila jioni anasema, "Bado naangalia." Wateja wanapiga simu, milango imepangwa karakana mpaka huoni ukuta, yeye bado anaangalia. Mimi uvumilivu sina, sijawahi kuwa nao. Nikaanza kumpa za uso. "Baba, milango ina futi saba tangu hujaoa. Unaangalia nini?" Ananijibu kwa kukohoa.

Halafu nikapigiwa simu na Ukweli Mtupu, sauti imemkauka.

"Dada, ukweli mtupu, mzee wako ataniharibia biashara. Leo ni mara ya sita. Watu wengine wanapiga teke matairi, wanafungua boneti, wanasikiliza injini. Yeye anaingia kwenye kiti cha abiria, anafunga mlango, anakaa nusu saa na kamba mkononi. Jana kaniambia nikae mimi, ninyooshe mguu. Mimi nilikuwa na suruali nyeupe, dada!"

"Bodi je? Hapimi bodi?"

"Bodi hajaigusa hata kwa bahati mbaya."

Nilikata simu. Nikasema basi, uzee umeingia. Fundi wa milango anakwenda kununua gari la milango, anapima kiti! Sikumwambia Mama. Ningemwambia nini?

Jumamosi yake, baada ya chakula cha mchana, Mama alijilaza chumbani kama kawaida yake, mguu umenyooka juu ya mto. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Ghafla nikasikia ukelele ulioangusha sahani mkononi mwangu.

"Uwiii! Jamani njooni! Ananipima! Ananipima jeneza na bado napumua!"

Nikakimbia. Nikamkuta Baba amepiga magoti kando ya kitanda, kamba mikononi, amekodoa macho kama mwizi wa kuku. Mama amekaa wima, fimbo juu.

Usimcheke Mama. Mara moja tu maishani mwake Baba aliwahi kuacha milango, alipofariki mama yake mzazi. Alisema hakuna fundi mwingine atakayemtengenezea mama yake sanduku la mwisho. Alimpima kwa kamba hiyo hiyo, amelala kitandani, na aliyeshika ncha ya pili ya kamba alikuwa Mama. Kwetu sisi, Bawaba akipima uwazi ukutani ni mlango. Akimpima mtu aliyelala, kila mmoja anajua ni nini.

"Nilikuwa..." Baba akasema. "Nilikuwa napima mlango."

"Mlango gani uko kwenye nyonga yangu?"

Majirani walishajaa mlangoni. Kinyozi naye alikuja mbio, na nyuma yake mteja wake, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Baba alikunja kamba yake, akaitia mfukoni, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu usoni.

Tangu hapo Mama akaamini kuna siri. Daktari wa zahanati lazima amemnong'oneza Baba, na Baba kama fundi makini ameanza kazi mapema. Hakumsemesha tena. Maneno yote yakawa yanapitia kwangu, hata wakiwa mezani wameketi uso kwa uso. "Mwambie baba yako chumvi iko karibu na mkono wake." Namwambia. "Mwambie mama yako asante." Namwambia. Kisha Mama akaanza kugawa mali. "Sufuria kubwa ni yako. Ile ya mfuniko uliopinda mpe mdogo wako, kosa lake analijua." Nilitaka kucheka, na kwa siku mbili nilicheka. Siku ya tatu akanishika mkono.

"Mwanangu, kufa sikatai," akasema. "Tumeletwa, tutaondoka. Lakini milango yetu yote ya mwaka na nusu huu iko huko nje, na mimi sijaiona. Ule wa duka la dawa, ule wa shule wenye matundu ya nyota. Ningezunguka mara moja tu niiangalie inafungwaje. Nimechoka na ukuta huu, mama."

Nikavaa viatu nikaenda karakana, na hasira niliyokuwa nayo, naapa, ningeweza kuranda mbao kwa meno.

Baba alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao. Ukutani, mbali na kamba za wateja, kulikuwa na msumari mpya, na kwenye msumari kamba moja yenye mafundo mawili.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya mama yako."

"Baba, sema kweli. Daktari kakwambia nini?"

"Daktari gani?" Akashangaa kweli. Kisha akainuka, akaichukua ile kamba, akainyoosha mbele ya macho yangu. "Fundo hili nyonga. Fundo hili kisigino. Ile pikapu ndefu ukuta uko nyuma ya kiti, hakirudi, mguu unazidi shibiri nzima. Hii fupi ina viti nyuma, kwa hiyo kiti cha mbele kinarudi. Ukikirudisha mpaka mwisho, mguu unaingia na nafasi ya vidole vinne inabaki." Akaniinulia vidole vinne. "Kwanza nilikisia. Nikapima kwa dalali, lakini dalali ni mfupi. Nikaogopa. Kama nimekosea, akikaa mguu ukabaki nje tena mbele ya watu... Ikabidi nimpime mwenyewe, akilala."

"Si ungemwambia tu?"

"Ningemwambia angekubali?"

Asingekubali, tunamjua.

"Na milango je?" nikasema, lakini sauti ilishapungua. "Futi mbili zitatokeza nje."

"Mlango ukitokeza nyuma unaufungia kitambaa chekundu, watu wanapisha," Baba akasema. "Mama yako akitokeza pembeni anaacha kiatu kwa kinyozi."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Aibu ilinishika pale pale. Nilitoa tano kwenye saba na kujiona na akili, na katika hesabu yangu yote ile mama yangu mzazi hakuwemo hata kidogo. Nikamwomba radhi. Akakohoa.

Kesho yake pikapu fupi ikaingia uani, ikagonga geti kidogo kama kusalimia. Mama alikuwa barazani na fimbo yake. Nilikuwa nimeapa sitasema neno, na nikaona jinsi anavyovuta pumzi kwa ajili ya shughuli.

"Kajigari gani haka? Mwambie baba yako, hivi haka ndiko kalikomchukua wiki tatu? Mlango utaubeba kichwani? Si nilisema mimi! Mlango hauna goti!"

Baba alizunguka akafungua mlango wa abiria, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Halafu akaenda nyuma kwenye bodi, akatoa kitu kilichofunikwa gunia, akakiweka chini mbele ya mlango wa gari, akavuta gunia.

Ilikuwa stuli. Ya kupandia.

Mama aliitazama muda mrefu. Akasahau kwamba hamsemeshi. "Umetengeneza stuli," akasema.

"Ndiyo."

"Inayumba."

"Ndiyo."

Baba akatoa kamba mfukoni. Akaiweka kwenye nyonga ya Mama, akaishusha hadi kisigino, polepole, mchana kweupe, na safari hii Mama hakupiga kelele. Kisha akainama ndani ya gari, akaiweka kutoka mgongo wa kiti hadi mwisho kule mbele miguu inakokaa. Akaweka vidole vyake kwenye nafasi iliyobaki. "Vinne," akasema.

Macho ya Mama yakajaa, akageukia geti kama anaangalia lilivyopinda.

"Kwa hiyo daktari hakusema kitu?" akauliza mwishowe.

"Kila mtu ananiuliza daktari. Daktari gani?"

Mama akamchapa fimbo ya bega, si ya kuumiza. "Mwanaume wewe! Siku tatu nagawa sufuria zangu!" Akanigeukia mimi. "Zirudishe. Zote. Na ya mfuniko uliopinda."

Akapanda. Stuli iliyumba, Baba akaishika kwa mikono miwili na kuiwekea goti. Mama akaingia makalio kwanza, akageuka, akauvuta mguu. Sote tuliutazama mguu, hata paka. Mguu ukaingia. Mlango ukafungwa, ukalia kile kimlio kidogo cha mlango uliokaa mahali pake. Sisi ni watu wa milango, tunakijua.

Hawakungoja kesho. Baba alipakia milango miwili ya mjane wa ghorofani, ikatokeza nje futi mbili kamili kama karatasi yangu ilivyosema. Alikuwa na kitambaa chekundu, lakini kamba ya kukifungia hakuipata, zote ziko karakana kwenye misumari. Akapapasa mifuko. Akatoa ile moja, akafungua fundo la nyonga, akafungua fundo la kisigino, akaanza kufunga kitambaa.

Mama alikuwa ameshatoa kichwa dirishani.

"Hiyo si kamba ya jeneza langu?"

"Ndiyo."

"Basi kaza vizuri, isije ikadondoka."

Akakaza. Akapanda, akawasha gari, akaanza kurudi nyuma, na mtaa mzima ukasikia ile sauti ambayo mwaka na nusu ilikuwa inasemea dirishani peke yake: "Njoo, njoo, njoo, kulia kidogo, hiyo ni kulia ya nani? Njoo, njoo, simama! Nimesema simama!"

Baba akasimama. Geti halikuguswa.